Balozi Wako Anaitwa Nani?

Nianze kwa kuomba radhi. Jina la baba mkwe wangu hamtalisoma humu ndani. Kwetu Kimwani mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba wa mumewe, hata akiwa na hasira, hata akiwa anaweweseka kwa homa, na mama mkwe wangu alinifundisha siku ile ile nilipoingia kwake kwamba kuliandika ni kulitamka kwa mkono. Basi mimi Klaudia nitamwita Mzee, na nyinyi mtamjua kwa hilo hilo.

Mzee alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi. Miaka ile ya vijiji vya ujamaa, balozi alikuwa mtu wa kuheshimiwa. Sukari ikiletwa kwenye duka la ushirika, yeye ndiye aliyejua nani apewe kwanza. Mgeni akilala kwako, ulimpelekea habari Mzee kabla hujamenya ndizi za kumpikia. Bila barua yake hukwenda popote pa maana. Kwa tabia alikuwa mpole, msema kidogo, mwenye kutafuna kutwa kahawa kavu yenye maganda, kama wazee wa kwetu, na sisi wakaza wanawe tulimwogopa kwa sababu tulifundishwa kumwogopa. Yeye mwenyewe hakuwahi kututisha.

Wakaza wana tulikuwa wawili. Mimi nilitoka kijiji cha jirani, nikaolewa na Mutembei, mwanawe mkubwa. Mwenzangu Georgina alitoka Masaka, Uganda. Shemeji yangu Ildefons alikuwa fundi wa magari huko Kampala, akamwoa, na mambo ya huko yalipochafuka wakavuka mpaka wakaja nyumbani na sanduku moja. Georgina hakuwa na cheti, hakuwa na kadi ya chama, hakuwa na ndugu upande huu wa mpaka. Kihaya alikishika upesi, maana hakiko mbali sana na Kiganda chake, ila Kiswahili kilimpa taabu.

Mtu wa namna hiyo hushika masharti ya watu kuliko wenyewe. Mimi nikikutana na Mzee njiani niliinama kidogo nikaenda zangu. Georgina aliingia katikati ya migomba, akajibanza huko mpaka Mzee apite, hata kama mvua inanyesha. Nilimcheka sana kwa hilo. Alikuwa ananijibu, "Dada Klaudia, wewe ukikosea utasamehewa. Mimi nikikosea watasema ni ule Uganda wangu." Niliendelea kucheka.

Alipopata mimba, mama mkwe wetu, Kokushubila, alimwita jikoni akampa mafunzo yote. Asikae kizingitini. Asile kwenye chungu. Na zaidi ya yote, jina la Mzee: mjamzito akilitamka, mtoto hung'ang'ania ndani na kukataa kutoka. Mimi niliambiwa hayo hayo wakati wangu, nikayapokea kwa sikio moja yakatokea la pili. Georgina aliyashika yote, na alikuwa na sababu ambayo sisi hatukuijua.

Niliijua siku tulipokuwa tunaoga kijitoni. Tumbo lilikuwa limeshakuwa kubwa, na chini ya kitovu niliona kovu refu, nene, limevutika kwa ajili ya ule ukubwa. Nikamuuliza. Akaniambia kwamba mtoto wake wa kwanza alikataa kutoka, wakampasua hospitalini Kampala, wakamtoa mtoto amekwisha kufa. Daktari akamwonya: safari nyingine uchungu usikukute nyumbani, kwa kuwa kovu hili linaweza kuachia, na likiachia mnakwenda wote wawili.

"Ildefons anajua?" nikamuuliza.

"Anajua."

"Amemwambia nani?"

Hakuwa amemwambia mtu. Alikuwa amekwenda na lori la ushirika kupeleka kahawa Mwanza, na mambo ya tumbo aliyaacha kwa wanawake, bila kuwaambia hao wanawake. Nilikasirika mpaka nikadondosha sabuni kwenye maji, na sabuni ilikuwa adimu siku hizo.

Nilimkokota Georgina mpaka kwa mama mkwe wetu. Kokushubila hakuwa mtu wa hospitali. Wanawe wote aliwazaa mle mle ndani, kwenye nyasi zilizotandikwa chini, na alipenda kutukumbusha. Nikamwambia Georgina, "Mfunulie." Mama mkwe akalitazama kovu, akalipitishia kidole taratibu kutoka juu hadi chini.

"Na mtoto?" akauliza.

"Alikufa, mawe," Georgina akasema. Mawe kwetu ni mama.

Bibi yule akashusha gauni la Georgina mwenyewe, akalinyoosha vizuri, akatoka. Tukamsikia uani akisema, "Baba Mutembei, andika barua. Tunakwenda na huyu binti hospitali." Jioni hiyo hiyo Mzee aliandika, akasaini, akampa mkewe, mkewe akampa Georgina. Kutoka mkono wa Mzee kwenda mkono wa mkaza mwana barua haikupita, kama inavyotakiwa.

Asubuhi tukaanza safari, wanawake watatu na kikapu cha ndizi za kuchoma. Kituo cha afya cha Muleba tulipokelewa na nesi aitwaye Benigna. Alimlaza Georgina, akamsikiliza mtoto kwa kile kipembe chao cha mbao, akaligusa lile kovu, akakunja uso. "Hapa hatupasui," akasema. "Nendeni Bukoba, na msirudi nyumbani kwanza kufuata kitu chochote." Alipofika kwenye kadi, mahali pa jina la mume na jina la baba wa mume, akaichukua barua, akatutazama mmoja mmoja, akacheka. "Najua hamsemi," akasema. Akajaza mwenyewe. Benigna alikuwa mtoto wa huku huku. Na mimi nikacheka naye, nikadhani kazi imekwisha.

Basi la Bukoba lilikuwa na kawaida ya kulitafuta kila shimo. Georgina alilishika tumbo lake kwa mikono miwili njia nzima, midomo inasali rozari bila sauti. Tulilala Kashai, mtaa wa Bukoba, kwa mama mmoja aliyekuwa akinunua ndizi zetu, na kulipopambazuka tukawa kwenye foleni ya hospitali.

Foleni ilikuwa ya wanawake watupu, wenye mimba na wasindikizaji wao, wengi wao wa vijijini kama sisi. Mbele kulikuwa na dirisha lenye nondo, na nyuma ya dirisha karani aitwaye Burhani, kijana nadhifu mwenye Kiswahili cha kuteleza. Alikuwa ametoka Tanga, hajamaliza msimu mmoja Bukoba. Zamu yetu ilipofika akaichukua kadi na barua ya balozi, akazisoma.

"Mahali pa kuzaliwa, Masaka," akasema. "Huyu ni mgeni."

"Ni mke wa mtu wetu," nikamjibu. "Soma barua."

"Barua nimeisoma, mama. Barua siku hizi zinanunuliwa. Juzi tu wamepita watu hapa na barua za balozi ambaye hajawahi kuzaliwa." Hakuwa anatukana. Alikuwa anasema kama mtu aliyeshakaripiwa na wakubwa wake. "Tumeagizwa mgeni asilazwe mpaka tuhakikishe. Nitamuuliza swali moja, jepesi." Akaigeuza barua kifudifudi ili isionekane, akainama kuelekea kwa Georgina. "Balozi wako anaitwa nani?"

Nikageuka kumtazama Georgina.

Georgina akasema, "Baba wa mume wangu."

"Vizuri. Anaitwa nani?"

"Ni baba wa mume wangu."

"Nimesikia. Jina lake?"

Georgina akainamisha kichwa. Burhani akangoja kwa adabu, akangoja tena. Kisha akashusha pumzi kama mtu aliyethibitisha alichokuwa anakishuku. Mwanamke anasema balozi ni mkwe wake, wanaishi ua mmoja, halafu jina hajui! Ningekuwa nimetoka Tanga jana, na mimi ningefikiri hivyo hivyo.

"Karani," nikamwambia, "kwetu mkaza mwana hatamki jina la baba mkwe. Ni mila."

"Kila mwenye barua ya bandia ana mila, mama."

"Muulize kitu kingine! Muulize nyumba iko wapi, muulize migomba mingapi!"

"Migomba siijui mimi. Jina ninalo hapa." Akaigonga barua kwa kidole. "Basi wewe liseme."

Na mimi nikakaa kimya. Naam, mimi Klaudia, mwenye mdomo unaojulikana mpaka mnadani, niliufungua mdomo huo na hakuna kilichotoka. Miaka yote nilikuwa nasema kwamba ni vitisho tu vya kuwatia adabu maharusi. Lakini jina lilifika kooni likakwama, nikaona aibu, na hasira juu ya aibu.

"Basi aandike," Burhani akasema, akasukuma kalamu na kikaratasi kupitia kwenye nondo. Georgina aliitazama ile kalamu asiiguse. Machozi yalikuwa yanamtoka bila kelele. Akaniambia kwa Kihaya, taratibu, kwamba tumbo limekuwa likimkaza na kuachia tangu tulipoondoka Muleba, na kwamba hakutaka kutusumbua.

Hapo nikamshika mabega. Nilimwambia, "Liseme, Georgina! Liseme utibiwe!" Akatikisa kichwa. Nilimwelewa, na kumwelewa ndiko kulikoniumiza. Mtoto wa kwanza alikataa kutoka. Sasa anaambiwa atamke neno lile lile aliloonywa kwamba litamfanya na wa pili akatae. Asipolitamka hapati kitanda, na akilitamka, kitanda kitamsaidia nini?

"Nendeni ofisi ya Uhamiaji wawape karatasi," Burhani akasema. "Leo Ijumaa, mkikuta wamefunga mtakwenda Jumatatu. Anayefuata!"

Mpaka hapo mama mkwe wetu alikuwa hajasema neno. Kiswahili alikielewa zaidi ya alivyokizungumza, na alikuwa amesimama nyuma yetu na kikapu kichwani. Akakiteremsha kikapu, akaniweka pembeni kwa kiwiko, akashika nondo za dirisha kwa mikono miwili. Alimgeukia Georgina kwanza.

"Nilikufundisha mimi," akamwambia kwa Kihaya. "Wewe funga mdomo wako. Kama kuna balaa lije kwangu. Mimi nimeshazaa nikamaliza."

Kisha akamgeukia karani, akavuta pumzi, akalitamka jina la mumewe.

Hakulinong'ona. Alilitamka lote, kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde, na kwa kuwa alidhani halijasikika, akalirudia. Lazima mjue kwamba katika nyumba ile halikuwa jina lililokatazwa kwetu tu. Mke mwenyewe ndiye aliyelilinda kupita wote. Tangu alipoletwa bibi harusi alikuwa anamwita Baba Mutembei, na kabla Mutembei hajazaliwa sijui alikuwa anamwitaje, labda alikuwa anakohoa. Baada ya kulitamka akavuta kanga akajifunika uso mzima, akabaki ameshika nondo kwa mkono mmoja.

Foleni yote iliguna. Wanawake wote wale, kuanzia aliyekuwa nyuma yetu hadi waliokaa chini kwenye majani, waliguna kwa pamoja, wakaweka mikono midomoni. Mmoja akapiga ishara ya msalaba. Mwingine akasema, "Yesu Maria, amemtaja!"

Burhani alikuwa ameshanyanyua kidole aseme kwamba hakuwa amemuuliza bibi. Kile kidole kikabaki hewani. Akatazama foleni, akamtazama bibi aliyejifunika, akaigeuza barua na kulisoma jina. Akamtazama Georgina, ambaye sasa alikuwa analia kwa sauti, amemkumbatia mama mkwe kwa nyuma, na tumbo lake kubwa limekaa kati yao.

"Kumbe ni kweli," akasema, si kwa ajili yetu. Kisha akasema, "Mama yangu naye humwita baba yangu 'huyo bwana'. Sikuwahi kujiuliza kwa nini."

"Sasa umejua," nikamwambia. Ulimi wangu ulikuwa umesharudi. "Unamwandika, au tumwambie bibi ataje na jina la babu yake?"

"Namwandika, mama, namwandika." Na aliandika upesi kweli. Akagonga muhuri, akatoka nje mwenyewe kwa mlango wa pembeni, akakichukua kile kikapu cha ndizi, akatutangulia mpaka wodini. Njiani alimwomba mama mkwe radhi kwa adabu zote za Tanga. Mama mkwe alikuwa bado amejifunika.

Daktari alimpima Georgina, akaligusa kovu, akauliza tumbo limeanza kukaza lini. Nikamjibu. Hakutukaripia, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema tu kwamba angengoja Jumatatu asingefika, na akaita watu watengeneze chumba cha upasuaji. Tuliketi barazani, mimi na mama mkwe wangu. Alifunua uso mara moja tu, akauliza, "Akifa nitasema nini?" Nikamwambia hatakufa. Sikuwa na hakika hata kidogo, lakini nilimshika mkono, na yeye, ambaye hakuwahi kunipa mkono isipokuwa wa kusalimia, hakuuondoa.

Tulimsikia mtoto kabla ya kuambiwa. Ile sauti! Kali, yenye hasira, ya mtu aliyeonewa. Nesi akatoka akasema ni wa kike, mzima, na mama yake mzima. Kokushubila akapiga vigelegele ndani ya hospitali, wakamnyamazisha, akapiga tena. Mimi nilikaa chini sakafuni. Nililia kama mpumbavu na sikujali nani ananiona.

Nilidhani yamekwisha. Lakini habari hupanda basi kabla ya watu. Miongoni mwa wale waliokuwa kwenye foleni kulikuwa na mwanamke wa kwetu kabisa, na kabla Georgina hajaweza kuketi kitandani, Kimwani nzima ilikuwa imeshajua kwamba mke wa balozi amemtaja mumewe kwa jina, hadharani, mbele ya karani. Siku ile Mzee alipokuja kumwona mjukuu, mama mkwe alichelewa makusudi kumfunga mtoto kitenge, akakifunga na kukifungua.

Mzee alisimama barazani, mbali na mlango wa wodi, ili asionane na mkaza mwana akiwa amelala. Alikuwa amevaa koti lake la mikutano ya chama. Mimi nilijibanza nyuma ya nguzo. Ilinipasa kuondoka, na sikuondoka. Mama mkwe akatoka na mtoto mikononi, akasimama mbele yake, macho chini.

"Nasikia umeniita," Mzee akasema.

"Nilikuita."

"Mbele ya watu."

"Mbele ya watu wengi. Mtoto alikuwa anakufa. Kama ni kosa, ni langu, yule binti hakufungua mdomo."

Mzee akatafuna kahawa yake. Alitafuna kwa muda mrefu mpaka nikatamani kumpiga, Mungu anisamehe. Nilikuwa nangoja amrudishe kwao, au aite wazee, au asubirie kufika nyumbani, ambako kungekuwa kubaya zaidi. Alipomaliza, akaweka maganda kwenye kiganja, akayatazama.

"Miaka yote hii," akasema, "nilidhani hulijui."

Kokushubila akainua uso akamtazama. Sikuwahi kumwona akimtazama mumewe hivyo, waziwazi, kama msichana.

"Nililijua," akasema. "Nilikuwa nimekuwekea."

Kisha akamkabidhi mtoto, na Mzee akahangaika na maganda yake ya kahawa, hajui ayatupe wapi ili apate mikono miwili.